Bazaki Imevuka Uzio, na Mama Mkwe Hataki Ing'olewe

Shangazi Evdokia mpendwa,

Nipokee, nakuja kwako na mambo yangu yote kwenye kapu moja, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa kijijini wameshanicheka mpaka wamechoka wenyewe.

Naitwa Gergina. Nimeolewa Kalinov Dol, huku chini ya milima, na tunaishi kwenye nyumba ya wazazi wa mume wangu Rumen, tuliyohamia baada ya baba mkwe kufariki ili mama mkwe wangu, Mama Dona, asibaki peke yake na kuku. Mimi ni mtu wa mjini, nimekulia ghorofani Pleven, mmea pekee niliowahi kuutunza ulikuwa kwenye kopo la mtindi dirishani na haukufika mbali. Rumen ni dereva wa lori, leo yuko Romania kesho yuko Ujerumani, kwa hiyo nyumbani tunakuwa wawili, mimi na mama yake, na mwanzoni hatukuwa na la kuzungumza, yeye ni mtu wa maneno machache, tena kazaliwa ng'ambo ya mlima na ana maneno ya kwao, viazi vyenyewe ana jina lake la kuviita, basi akisema kitu mimi naitikia tu "ndiyo mama" halafu naenda kuuliza kwa jirani alikuwa anataka nini.

Mama anasumbuliwa na magoti. Kila mwisho wa kiangazi alikuwa akichukua mkongojo wake wenye ndoano, anateremka mpaka ng'ambo ya daraja, anavuta matawi, anarudi na ndoo ya matunda madogo meusi ya bazaki, anayapika na sukari mpaka yawe jamu nzito, halafu mwaka mzima analamba kijiko kimoja asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, na anaapa kwamba bila kijiko hicho asingepanda ngazi za kanisa. Sasa ukafika mwaka magoti yakakataa kabisa kuteremka. Akawa anakaa barazani anatazama bonde anasema, "Zinaiva. Zinaiva, na ndege wanakula," na mimi roho ikaniuma, nikasema ngoja nimfanyie jambo mama huyu, kama yeye hawezi kwenda kwenye bazaki basi bazaki itakuja kwake.

Nikaenda dukani nikauliza bazaki ikoje, wakanielekeza kando ya barabara karibu na daraja, majani marefu yenye harufu kali, vishada vyeusi juu kabisa. Nikachukua toroli na koleo, nikachimba mizizi, nikarudi nayo, nikaipanda kandokando ya uzio, upande wa jirani yetu Stanka, kwa sababu hapo ndipo pana jua. Mama alikuwa barazani. Akaangalia toroli, akaniangalia mimi, akasema tu, "Ee! Umeleta." Nikaona amefurahi.

Shangazi, mwaka wa kwanza mmea ule ulinuna. Majani yalilegea kila mchana kama vitambaa vibichi, nikamwagilia, nikaongea nao, nikaweka samadi, wapi. Kisha baridi ikaja ukanyauka mpaka chini, halikubaki hata jiti, nikajua umekufa. Kumbe! Majira ya kuchipua ukatoka, na mwaka uliofuata ukatoka tena, lakini si pale nilipopanda. Umetoka kwenye njia ya kwenda kisimani. Umetoka katikati ya maharage. Nikachimba kuona unatembeaje, nikakuta mizizi myeupe imelala kifudifudi chini ya udongo, minene kama kidole, inakwenda inakotaka, na nikiivunja inatoa harufu ya kitu kilichosahaulika kwenye mfuko. Na hapo nakiri, nilianza kuupenda kwa udadisi. Ukitoa maua, vipepeo na nyuki wanaujaa mpaka unatikisika, lakini mbuzi wa Stanka, anayekula hata kamba za nguo, akiunusa anageuza kichwa. Mmea gani huu unaopendwa na nyuki na kuchukiwa na mbuzi?

Basi asubuhi moja nasikia Stanka anaita kutoka kwake.

"Gergina! Hebu toka uje uwapokee wageni wako, wameshaingia kwangu na viatu!"

Nikakimbia. Bazaki imepita chini ya uzio, imeingia kwenye mistari yake ya rasiberi, imesimama katikati yake imekuwa ndefu kuliko rasiberi zenyewe. Na rasiberi ndiyo roho ya Stanka, bustani nzima kaipanda kwa mikono yake tangu ujane wake.

"Nitaing'oa, jirani," nikamwambia. "Nisamehe."

"Ing'oe leo. Si kesho, leo!"

Rumen alikuwa nyumbani wiki hiyo. Akatoa ile mashine ya kulimia ya kusukuma, akaipitisha kwenye kipande chote, kwetu na kwa Stanka, udongo ukarushwa huku na huku, akazima akafuta jasho, akasema, "Nimeikatakata vipandevipande. Habari yake imekwisha." Kisha akapanda lori lake akaenda zake. Shangazi, mwaka huu kila kipande kimekuwa mmea! Palipokuwa na shina moja sasa pana kichaka. Stanka hanisalimii. Amesema ataleta mpwa wake apulizie dawa pande zote mbili, nipende nisipende, na kisima chetu kiko palepale. Na Stanka huyuhuyu ndiye mwenye gari, ndiye anayempeleka mama kwa daktari mjini Troyan, Rumen akiwa safarini, sasa nani atampeleka?

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni jamu.

Mwaka huu ndio niliopata matunda ya kutosha kwa mara ya kwanza. Nikapika. Ilikuwa siku tunachoma pilipili hoho uani za kutengenezea lyutenitsa, rojo la pilipili na nyanya la kupaka mkate, na wifi yangu Tsonka alikuwa amekuja kutoka Sofia kutusaidia, na Tsonka, Mungu anisamehe, tangu siku ya harusi ananitazama kama mtu anayetazama mpangaji. Nikaleta kijiko mbele ya wote, nimevimba kichwa.

"Mama, onja. Ya bustani yako mwenyewe."

Akaonja. Akakaa nayo mdomoni muda. Akanitazama.

"Kali kidogo," akasema. Halafu akachukua kijiko cha pili. Halafu cha tatu.

Pilipili hazijaisha kumenywa, mama kashika ukuta. Akatapika, Shangazi, akatapika mpaka akawa hana kitu cha kutapika, tumbo linamkata, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Tsonka akanigeukia na kisu cha kumenyea bado kiko mkononi.

"Umempa nini mama yangu?"

Na mama, kichwa ndani ya ndoo, akasema, "Ni pilipili. Nimekula pilipili nyingi."

Hakuwa ameonja pilipili hata moja! Nilikuwa nimekaa naye ubavuni. Muuguzi wa zahanati akaja, akampima, akampa maji yenye chumvi na sukari, akatuambia tumwangalie, na namshukuru Mungu mama alipata nafuu, sasa yuko mzima na anafukuza kuku. Lakini Tsonka aliimwaga jamu yote chooni, akaondoka bila kuniaga, na anampigia kaka yake simu huko barabarani kwamba mke wake alitaka kumuua mama. Rumen ananiuliza kwa upole, na upole wake ndio unaoniumiza.

Nikachukua koleo, nikasema leo leo naing'oa. Mama akatoka barazani na mkongojo wake.

"Isiguswe."

"Mama, imekuumiza."

"Haikuniumiza. Udongo tu bado mpya. Tia majivu, mwakani itakuwa tamu. Isiguswe, nimesema."

Sasa nisaidie Shangazi, maana silali kwa kuwaza. Imekuwaje tunda lililomtibu miaka thelathini likamtapisha lilipotoka kwangu? Ni udongo? Ni mapishi yangu? Na kwa nini anautetea mmea uliomlaza? Nikiung'oa namkosea mama, nikiuacha nampoteza Stanka, na hata nikisema niung'oe, unang'olewaje mmea ambao ukiukata unazaa?

Wako katika udadisi na aibu,
Gergina

Shangazi Evdokia anajibu:

Gergina mwanangu, vuta kiti.

Sijacheka. Nimetabasamu mara moja, pale kwenye mbuzi. Jamu ilinitoa tabasamu lote.

Nianze na hilo. Udongo wako hauna kosa, wala mapishi yako. Hukumpikia mama tunda lake. Umempikia tunda jingine.

Soma tena barua yako mwenyewe. Umeniandikia kwamba mama alikwenda bondeni na mkongojo wenye ndoano, akawa "anavuta matawi". Bazaki ina tawi gani la kuvuta? Inakufika kifuani, ukiwa mrefu inakufika tumboni, matunda yameelekea juu yanakungojea, ndoano ya nini? Unaovutwa kwa ndoano ni bazi, mti kamili, wenye gome lenye mikwaruzo na shina la mbao, ambao vishada vyake vikiiva vinainama chini. Bazaki ni nduguye mdogo, tena ndugu mwenye tabia mbaya. Haina mbao, inakufa mpaka chini kila baridi, kama ulivyoona. Inanuka, kama ulivyonusa. Na matunda yake, hasa mbegu zake, yanatapisha na kuharisha. Wapo wanaoyapika na kuyala, najua, msiniandikie. Mimi simshauri mtu, na kwa mwenye umri wa mama yako nakataza kabisa.

Bondeni kwenu inaelekea viko vyote viwili. Mama yako katoka ng'ambo ya mlima, na huko wapo wanaouita mti ule bazaki. Wewe umesikia jina, ukaenda dukani, ukaonyeshwa kilicho na jina hilo huku. Dukani hawakukudanganya. Lakini wewe, mtoto mzuri, uliuliza duka zima ukaacha kumwuliza mwenye magoti! Ungemwambia tu "mama, nichoree" usingekuwa na kichaka leo. Mtu hapandi asichokijua, tena hampikii mgonjwa asichokijua. Hapo nakugombeza, na nikimaliza sitarudia.

Rumen naye apokee lake. Kulima bazaki kwa mashine ni kuipanda upya, tena kwa mistari. Kila kipande cha mzizi chenye urefu wa kidole kinaota. Kwa hiyo mashine isiguse tena kipande kile mpaka niseme.

Sasa kazi. Kwanza kata vishada vyote kabla ndege hawajabeba mbegu, vaa glavu, vitie kwenye mfuko, usivitupe kwenye mboji. Kisha udongo ukiwa umelowa, ingia na uma wa kuchimbia, si koleo, koleo linakata. Inua mzizi taratibu, ufuate unakokwenda kama unavyofuata uzi kwenye nguo, utoe mzima. Utandaze juu ya bati ukauke mpaka uvunjike kama kijiti, halafu choma. Hutaumaliza mwaka huu, usijidanganye. Mwakani utatoka tena, mwembamba. Kila unapofika gotini ukate, usiupe nafasi ya kunenepa. Pale usipolima kitu, funika kwa maboksi na plastiki nyeusi misimu miwili, iwe giza. Ndani ya mistari ya rasiberi hakuna njia ya mkato, ni mikono tu. Dawa ya kupulizia karibu na kisima, hapana. Na itaua rasiberi kwanza, mwambie Stanka hivyo na mwambie ni mimi niliyesema.

Lakini usimwambie kutoka upande wako wa uzio. Zunguka, pita langoni kwake, ukiwa umeshavaa glavu, na uanze kuchimba kwake kabla ya kwako. Usitoe hotuba. Jirani aliyempeleka mama yako kwa daktari miaka yote hiyo hakuchukii, amechoka tu kuona majani marefu kuliko rasiberi zake.

Magoti ya mama yanataka daktari wa mifupa. Jamu ya bazi ikipikwa vizuri ni tamu na alambe kwa raha zake, lakini nayo mbichi hailiwi, na jamu si daktari. Ukitaka kumpandia mti wake, kata matawi ya bazi majani yakishapukutika, yachomeke ardhini mbali na uzio. Bazi linashika bila kubembelezwa na halitambai.

Limebaki moja, na ndilo lililonikosesha raha. Ni zile pilipili ambazo hakuzila. Mtu aliyechuma tunda lilelile miaka thelathini, Gergina, halikosei kwa macho, halikosei kwa pua, na ulimini ndiyo kabisa. Mama yako alijua anakula nini. Kwa nini alikula, na kwa nini anautetea mmea ule, mimi sijui, na wewe hujui, na wifi yako hajui. Anayejua anakaa barazani kwako. Acha kuandikia magazeti. Nenda ukae karibu naye, umuulize kwa maneno manne, halafu unyamaze umsikilize.

Ameandika tena, na kwa ruhusa yake tunachapa:

Shangazi,

Nilimkuta anapukuchua maharage. Nikakaa, nikachukua maganda na mimi, nikauliza. "Mama, hii siyo bazaki yako?"

Hakuinua kichwa. "Siyo."

"Ulijua lini?"

"Ulipoingia na toroli."

Nikaacha maharage. "Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Umeingia langoni umejaa tope mpaka kwenye nyusi, unacheka kama mtu aliyeniletea ng'ombe. Tangu uje hapa ulikuwa hucheki, mkwe wangu. Ulikuwa 'ndiyo mama, ndiyo mama' na macho yako yako kwenye barabara ya kurudi Pleven. Siku ile ukacheka. Nikasema moyoni, kama anacheka kwa sababu ya magugu, basi magugu yakae."

"Na jamu je? Kwa nini uliila?"

"Tsonka alikuwa ananitazama." Akapukuchua ganda jingine. "Kijiko cha kwanza ningetema, angekufanya kichekesho mbele ya watu. Nikajua kimepikwa, hakiui. Sikujua kitanitenda vile."

"Ungekufa, mama."

"Sikufa."

Nililia, Shangazi, na nikamgombeza huku nalia, nikamwambia asithubutu tena kunionea huruma kwa tumbo lake. Akasema haya, lakini na wewe usithubutu tena kuniitikia kitu usichokielewa. Tukapeana mkono juu ya beseni la maharage kama wauza ng'ombe.

Kwa Stanka nilifanya ulivyosema. Nikapita langoni na glavu nikaanza kuchimba. Alisimama mlangoni kwake, halafu akaja kuuliza kulikoni, nikamweleza yote, toroli, jamu, pilipili. Alicheka mpaka akashika nguzo ya uzio. Kisha akaingia ndani akatoka na uma wake, tukachimba wote mpaka giza, mizizi ikajaa bati zima la banda la kuku. Bado ipo, inachungulia hapa na pale, lakini sasa tunaikata pamoja.

Majani yalipopukutika Stanka akatoa gari, tukateremka darajani watatu. Mama hakushuka. Alifungua kioo akatoa mkongojo nje, akawa anaelekeza, "Siyo huo! Wa nyuma yake! Stanka, mama wee, una macho au una vifungo?" Tukakata matawi, yako ardhini nyuma ya banda, nangoja nione.

Jana Tsonka alimpigia kaka yake simu tena, na Rumen alikuwa hapa, mezani. Alikuwa hajafungua mdomo, mama akanyoosha mkono akaichukua simu kutoka sikioni kwake.

"Tsonka, sikiliza. Nilikula kwa sababu nilitaka kula. Wewe Jumapili unakuja hapa, unamwomba mke wa kaka yako radhi, nikiwa nimekaa nasikia. Na uje na glavu."

Gergina